Ngozi Itazamwe Kabla ya Tyubu Kuuzwa: Barua ya Wazi kwa Baraza la Madiwani la Mkalama

Kwa: Waheshimiwa Madiwani, Mkurugenzi Mtendaji na Mganga Mkuu wa Wilaya, Halmashauri ya Wilaya ya Mkalama, Mkoa wa Singida.

Nakala: Shirika la Viwango Tanzania (TBS), Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Baraza la Famasi.

Yah: Huduma ya ngozi na biashara ya vipodozi katika Kata ya Kinyangiri

Waheshimiwa,

Barua hii inaleta mbele ya Baraza hoja moja, nayo ni kwamba krimu zenye viambato hatari hupata wateja katika kata za vijijini kama Kinyangiri si kwa sababu wananchi hawajaambiwa kuwa ni mbaya, bali kwa sababu mtu mwenye ngozi inayowasha, yenye madoa au yenye chunusi hana mahali pa karibu ambapo ngozi yake itatazamwa kwa utulivu, ugonjwa wake utatajwa kwa jina, na dawa anayoimudu itawekwa mkononi mwake. Pengo hilo hujazwa na muuzaji wa mnadani, na kwa kuwa muuzaji huyo anauza tyubu, jibu lake kwa kila swali la ngozi huwa ni tyubu. Marufuku, ambayo Tanzania imekuwa nayo kwa miaka mingi, huondoa bidhaa mezani kwa muda lakini haimpi mgonjwa jibu, na mgonjwa asiyepewa jibu hurudi mnadani wiki inayofuata. Kwa hiyo kinachoombwa hapa ni zaidi ya msako, kwa maana kinahusu kuipa ngozi nafasi yake katika huduma ya afya ya msingi, sambamba na kulisimamia soko kwa sheria ambazo tayari zipo.

Magonjwa ya ngozi yamezoeleka kuitwa madogo kwa kuwa mengi hayaui, ingawa hunyima usingizi, huwaweka watoto nje ya darasa, huharibu ndoa na humaliza fedha za nyumba kwa ununuzi wa dawa zisizotibu. Mtazamo huo umeanza kubadilika hata katika ngazi ya kimataifa, kwani mwezi Mei 2025 Mkutano wa 78 wa Afya Duniani, chombo kikuu cha maamuzi cha Shirika la Afya Duniani, ulipitisha azimio linaloyatambua magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya jamii. Shirika hilo hukadiria kuwa watu bilioni 1.8 duniani wana tatizo fulani la ngozi kwa wakati wowote ule, na kwamba mzigo huo huelemea zaidi nchi za joto na watu wa kipato cha chini. Tafiti zilizofanywa katika vijiji vya Tanzania miaka ya 1990 zilionyesha picha iyo hiyo, kwamba magonjwa yaliyoenea zaidi yalikuwa yale ya kuambukizwa, yaani ya wadudu, fangasi na bakteria, ambayo karibu yote yana tiba nafuu iliyokwisha kujulikana kwa miongo mingi.

Upele ni mfano wa kwanza. Upele husababishwa na mdudu mdogo asiyeonekana kwa urahisi kwa macho, ambaye huchimba vijia ndani ya ngozi, hasa katikati ya vidole, viwikoni, kiunoni na sehemu za siri, na muwasho wake huzidi usiku. Dawa yake iliyozoeleka vituoni ni losheni ya benzili benzoeti, ambayo wahudumu na wagonjwa huiita BBE, na masharti yake ndiyo yanayoamua kama mtu atapona: losheni hupakwa mwili mzima kuanzia shingoni hadi nyayoni na si pale panapowasha tu, watu wote wa nyumba hutibiwa siku ile ile hata wasiowashwa, na nguo na matandiko hufuliwa na kuanikwa juani. Muwasho unaweza kuendelea kwa wiki kadhaa baada ya mdudu kufa, kwa sababu mwili bado unapambana na mabaki yake. Mama ambaye hakuelezwa jambo hilo la mwisho huamini kuwa dawa imeshindwa, akaenda kununua nyingine yenye nguvu zaidi.

Mfano wa pili ni fangasi, ambao kichwani kwa mtoto huitwa mapunye na mwilini hutokea kama duara lenye ukingo ulioinuka na magamba. Fangasi ya mwilini hutibika kwa krimu ya klotrimazoli au kwa marhamu ya zamani ya Whitfield, mchanganyiko wa asidi ya benzoiki na asidi ya salisili uliopewa jina la daktari wa Uingereza aliyeutengeneza. Mapunye hayatibiki kwa krimu, kwa kuwa fangasi hao hukaa ndani ya shina la unywele ambako krimu haifiki, na mtoto huhitaji dawa ya kumeza kama vile griseofulvini kwa wiki kadhaa. Mzazi anayepaka kichwa cha mtoto krimu moja baada ya nyingine kwa miezi mingi hafanyi uzembe wowote, isipokuwa hakuna aliyemwambia kwamba tiba ya tatizo hilo humezwa.

Mfano wa tatu ni doa jeupe, na hapo ndipo gharama ya kukosea huwa kubwa zaidi. Doa lililopauka usoni mwa mtoto mara nyingi ni ukavu wa ngozi usio na madhara. Mabaka mengi yenye magamba membamba kifuani na mgongoni aghalabu ni fangasi. Baka jeupe kabisa kama chaki, lenye hisia za kawaida, linaweza kuwa barasi, yaani ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Lakini doa lililopauka ambalo likiguswa kwa kipande cha pamba mtu hahisi kitu linaweza kuwa ukoma. Tanzania ilifikia mwaka 2006 kiwango cha kutangaza kuwa ukoma si tena tatizo la afya ya jamii kitaifa, lakini wagonjwa wapya bado wanapatikana katika baadhi ya wilaya, na dawa zake hutolewa bure. Kipimo cha awali cha kutofautisha madoa hayo ni kipande cha pamba na dakika chache za subira, vitu ambavyo zahanati yoyote inaweza kuvipata endapo mhudumu wake amefundishwa kuvitumia.

Palipokosekana mafunzo hayo, tyubu huingia. Tyubu inayouzwa sana kwa matatizo ya ngozi ni ile yenye steroidi, aina ya dawa iliyotengenezwa kwa kuiga homoni ambazo mwili huzitoa katika tezi zilizo juu ya figo, na ambayo kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili pale ilipowaka kupita kiasi. Steroidi ya kupaka si sumu kwa asili yake, kwani kwa mgonjwa wa pumu ya ngozi, ikitumika kwa kiasi na kwa muda uliopangwa, ni dawa bora isiyo na mbadala rahisi. Tatizo lake limo katika uwezo wa kutuliza dalili za karibu kila ugonjwa bila kuutibu. Ikipakwa juu ya fangasi, wekundu na muwasho hupungua ndani ya siku mbili, mnunuzi akaisifu, kumbe fangasi wamepata uhuru wa kuenea kwa kuwa askari wa mwili wamelazwa usingizi. Na ikiachwa, ugonjwa hurudi ukiwa mpana zaidi na umebadilika sura kiasi kwamba hata mtaalamu hupata shida kuutambua. Zipo tyubu ambazo ndani yake mna steroidi kali, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria kwa pamoja, ambazo huuzwa kwa sifa kwamba zinatibu kila kitu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini katika suala hili mgonjwa hakuficha chochote, bali alitoka kutafuta tiba na dawa yenyewe ndiyo iliyomfichia maradhi.

Steroidi kali ikitumika usoni kwa miezi, ngozi huwa nyembamba hadi mishipa midogo ya damu ikaonekana, chunusi hulipuka, nywele huota pasipostahili, na michirizi hutokea mapajani na mabegani ambayo haifutiki tena. Ikipakwa mwili mzima, hupenya hadi kwenye damu na kuzifanya tezi hizo zilizo juu ya figo zipunguze kazi, hivyo mtu akiumwa au akifanyiwa upasuaji mwili wake unaweza kushindwa kuhimili. Jambo linalowafunga watumiaji wengi ni kwamba wanapoacha ghafla, uso huvimba, huwaka moto na kuwa mwekundu, nao hutafsiri hali hiyo kuwa ni ushahidi kwamba bado wanaihitaji krimu, kumbe ni dalili ya utegemezi.

Kutoka hapo hadi mkorogo ni hatua fupi. Mkorogo ni mchanganyiko unaotengenezwa nyumbani, saluni au nyuma ya duka kwa kuchanganya losheni ya kawaida na tyubu kadhaa za steroidi, krimu za kung'arisha, na wakati mwingine hata sabuni ya unga au dawa ya kung'arishia nguo, kisha kuuzwa kwenye kopo lisilo na jina, tarehe wala orodha ya viambato. Ni rahisi kulichukulia suala hili kuwa ni tamaa ya weupe peke yake, na mahubiri mengi dhidi ya mkorogo yamejengwa juu ya dhana hiyo. Hata hivyo, utafiti wa Kelly Lewis na wenzake uliochapishwa mwaka 2011, ambao uliwahoji wanawake 42 wa Tanzania waliokuwa wakitumia bidhaa hizo, ulikuta sababu sita, na miongoni mwazo, pamoja na kutafuta weupe na kumridhisha mwenzi, ilikuwamo haja ya kuondoa chunusi, vipele na magonjwa ya ngozi, na pia haja ya kuondoa madhara yaliyoletwa na krimu zilizotangulia. Yaani baadhi ya watumiaji waliingia kama wagonjwa, na baadhi walibaki humo kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha njia ya kutoka.

Viambato viwili zaidi vinahitaji maelezo. Haidrokwinoni ni kemikali inayozuia utengenezaji wa melanini, ambayo ni rangi ya asili inayoikinga ngozi dhidi ya jua. Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini wakiongozwa na Findlay walieleza jinsi matumizi yake ya muda mrefu yalivyoleta kinyume cha kilichotafutwa, yaani madoa meusi ya samawati, magumu na yenye vinundu kama mayai ya samaki, kwenye mashavu na paji la uso, ambayo kuyatibu ni kazi ngumu mno. Kiambato cha pili ni zebaki, na hapa wakazi wa mkoa wa Singida wana faida ya kuifahamu kwa njia nyingine, kwa kuwa ndiyo ile wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kunasa chembe za dhahabu, na machimbo ya Sekenke katika wilaya jirani ya Iramba yana historia inayoanzia enzi za Wajerumani. Ikipakwa, zebaki hupenya ngozi na kwenda kujikusanya katika figo. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha katika jarida la British Medical Journal taarifa ya watu wazima 60 waliokuwa wamevimba mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivuja protini, na zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu za kung'arisha zenye zebaki. Onyo hilo lilitoka Afrika Mashariki zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Dunia imechelewa kulifuata onyo hilo, lakini imelifuata. Mkataba wa Minamata, uliopitishwa Japani mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, uliweka kikomo cha zebaki katika vipodozi kuwa sehemu moja kwa milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kwamba ifikapo 2025 vipodozi vyote vyenye zebaki iliyoongezwa viwe vimeondolewa, bila kujali kiasi. Kwa mnunuzi asiye na maabara ipo alama moja ya kusaidia: maelekezo ya baadhi ya krimu hizo humtaka mtumiaji aiepushe krimu na pete, bangili na vyombo vya dhahabu, fedha au aluminiamu. Maelekezo hayo yana sababu yake, kwani zebaki hushikamana na dhahabu, na krimu inayotishia kuiharibu pete haistahili kupakwa kwenye uso wa mtu. Alama nyingine ni majina yenyewe, ambayo kwenye lebo huandikwa kwa tahajia ya kigeni, kama vile mercury, calomel, hydroquinone, clobetasol na betamethasone, na kutokuwapo kabisa kwa orodha ya viambato ni alama mbaya kuliko zote.

Upande wa sheria, nchi haina ombwe, isipokuwa ina mgawanyo wa kazi ambao kijijini huacha mwanya. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 iliweka dawa na vipodozi chini ya mamlaka moja, TFDA, na orodha ya viambato vilivyopigwa marufuku ilihusisha zebaki, haidrokwinoni, steroidi, heksaklorofeni na vingine kadhaa. Kuanzia Julai 2019, kwa marekebisho yaliyoletwa na Sheria ya Fedha ya mwaka huo, vipodozi na chakula vilihamishiwa TBS, na mamlaka ya awali ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Mgawanyo huo una mantiki kwenye bandari na viwanda, lakini tyubu ya steroidi ina sura zaidi ya moja: ikiwa na maandishi ya kitabibu ni dawa, hivyo ni ya TMDA, ikikorogwa ndani ya losheni ni kipodozi haramu, hivyo ni ya TBS, na ikiuzwa katika Duka la Dawa Muhimu, mfumo ulioanzia mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili kuboresha yaliyokuwa maduka ya dawa baridi, muuzaji wake anawajibika kwa Baraza la Famasi. Ofisi za vyombo hivyo ziko mbali na Kinyangiri. Chombo pekee ambacho kipo mahali bidhaa hiyo inapobadilisha mikono, kinachotoza ushuru wa mnada, kinachotoa leseni ya biashara na kinachowaajiri maofisa afya wa kata, ni Halmashauri.

Mnada wenyewe unastahili kuangaliwa kwa karibu. Kwenye turubai moja hupangwa mafuta ya mgando, sabuni, viwembe, piko na kanta za kupaka nywele, na pembeni tyubu ndogo zilizotolewa kwenye maboksi yake ili zichukue nafasi ndogo. Boksi likishatupwa, karatasi ya maelekezo na mara nyingi tarehe ya kwisha muda hupotea pamoja nalo. Tyubu hukaa juani tangu asubuhi, ingawa nyingi huagizwa kuhifadhiwa kwenye joto lisilozidi nyuzi 30. Ofisa afya akipita na kuuliza risiti ya ununuzi wa jumla, boksi halisi na orodha ya viambato, atakuwa amefanya ukaguzi wa kutosha bila kifaa chochote. Piko nayo isisahaulike, kwa sababu piko nyeusi inayokolea haraka aghalabu huwa na kemikali ya kutia rangi nywele ambayo inaweza kumtoa malengelenge bibi harusi, na aliyewahi kudhuriwa nayo mara moja hatakiwi kuigusa tena maisha yake yote.

Kundi moja linahitaji kutajwa peke yake. Watu wenye ualbino, ambao nchini Tanzania hukadiriwa kuwa takriban mmoja kati ya kila watu 1,400, huzaliwa bila melanini ya kutosha, na kwa hiyo jua ambalo kwa jirani ni usumbufu, kwao ni chanzo cha saratani ya ngozi inayoweza kuanza katika umri mdogo. Singida ni mkoa wa anga wazi na kilimo cha alizeti, ambamo kupanda, kupalilia na kuvuna hufanyika juani. Mkoani Kilimanjaro, Hospitali ya KCMC, ambayo tangu 1992 ina kituo cha kikanda cha kufundisha wataalamu wa ngozi, ilianzisha kitengo cha kutengeneza losheni ya kukinga jua mahsusi kwa watu wenye ualbino, na losheni hiyo, Kilisun, hugawiwa kupitia kliniki zinazowafuata walengwa mikoani. Kituo hicho hicho kimewafundisha matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika kwa kozi ya miaka miwili, kwa kuzingatia kwamba vijiji havitapata daktari bingwa wa ngozi karibuni lakini vinaweza kupata tabibu aliyefundishwa. Mkalama haihitaji kubuni mfumo mpya. Inahitaji kumpeleka mtu.

Inafaa pia isemwe wazi kwamba haja ya kuonekana vizuri ni haja halali, na barua hii haiwatetei wanaowakejeli wanawake au vijana kwa kuitafuta. Msichana mwenye chunusi anastahili kuambiwa kwamba chunusi hutokana na vinyweleo vilivyozibwa na mafuta na si uchafu, kwamba benzoili peroksaidi ya nguvu ndogo husaidia ikitumiwa kwa wiki nane bila kukata tamaa, na kwamba madoa meusi yanayobaki hufifia kwa miezi, haraka zaidi akijikinga na jua na akiacha kuyatumbua. Kijana anayetokwa na vipele shingoni baada ya kunyoa anastahili kujua kwamba dawa ya kwanza ni kuacha kunyoa hadi kwenye ngozi. Mwanamke ambaye nywele za pembeni mwa paji zimekatika anastahili kuelezwa kuwa misuko inayovuta ndiyo chanzo, na kwamba ikiachwa mapema nywele hurudi. Na mtu mwenye ngozi kavu, tatizo kubwa katika kiangazi cha Singida, anaweza kuhudumiwa na mafuta yanayokamuliwa mkoani humo, kwa kuwa mafuta ya alizeti yana wingi wa asidi ya linoleiki, aina ya mafuta ambayo ngozi huitumia kujenga ukuta wake, na utafiti uliochapishwa mwaka 2005 huko Bangladesh ulionyesha kuwa watoto njiti waliopakwa mafuta ya alizeti hospitalini walipata maambukizi machache zaidi. Mafuta hayo hayakingi jua wala hayatibu fangasi, lakini yakisafishwa vizuri na kupakwa ngozi ikiwa bado na unyevu baada ya kuoga, hufanya kazi ambayo wengi wanainunulia losheni za bei kubwa.

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili jibu. La kwanza ni kwamba halmashauri ina malaria, uzazi na maji vya kushughulikia, na ngozi inaweza kusubiri. Jibu ni kwamba ngozi ni mlango wa magonjwa mengine, kwani kupitia kwayo mhudumu hugundua ukoma, hugundua mkanda wa jeshi unaoweza kuashiria haja ya kupima virusi vya ukimwi, na huzuia vidonda vya upele vilivyoingiwa na bakteria ambavyo kwa watoto vinaweza kuishia kwenye figo. La pili ni kwamba wauza vipodozi ni wajasiriamali wadogo, wengi wao wanawake, na ukaguzi utawaondolea riziki. Jibu ni kwamba wafanyabiashara hao ndio wa kwanza kudhurika, kwa kuwa hukoroga kwa mikono mitupu na hujaribisha bidhaa kwenye ngozi zao wenyewe, na Halmashauri ina mikopo inayoweza kuwabadilishia biashara badala ya kuwafunga.

Kwa msingi huo, Baraza linaombwa kuamua mambo matano. Kwanza, Mganga Mkuu wa Wilaya aandae mafunzo ya ngozi kwa angalau mhudumu mmoja wa kila kituo, akishirikiana na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida, Hospitali ya Iambi au Hospitali ya Haydom iliyo jirani, na apangie siku moja kila mwezi kuwa siku ya ngozi Kinyangiri, itangazwe misikitini, makanisani na shuleni. Pili, BBE, klotrimazoli, griseofulvini, marhamu ya Whitfield na losheni ya kukinga jua kwa watu wenye ualbino viwekwe katika maoteo ya mahitaji yanayopelekwa Bohari ya Dawa, kwa sababu ushauri usio na dawa humrudisha mgonjwa mnadani. Tatu, Halmashauri itumie mamlaka yake ya kutunga sheria ndogo, iliyopewa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982, kukataza uuzaji wa dawa na vipodozi visivyo na boksi na orodha ya viambato katika minada, na iombe TBS na TMDA ukaguzi wa pamoja badala ya kila chombo kuja kwa siku yake. Nne, katika mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotolewa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vikundi vya saluni na vipodozi vipewe kipaumbele kwa sharti la kuacha mkorogo, na vile vinavyotaka kusindika sabuni na mafuta ya ngozi kutokana na alizeti viunganishwe na taratibu za ubora za TBS. Tano, wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao mpango wao jumuishi ulizinduliwa Januari 2024, wapewe ukurasa mmoja wenye picha za upele, mapunye, doa lisilohisi na uso ulioathiriwa na steroidi, ukieleza la kufanya kwa kila hali.

Ukurasa huo ueleze pia namna ya kumwondoa mtu kwenye krimu kali bila kumwaibisha: asiache ghafla bila kuonana na mhudumu, aje na kopo lenyewe ili lisomwe, na apewe ratiba ya kupunguza hatua kwa hatua. Ueleze kipimo rahisi cha krimu halali, kwamba kiasi kinachotoka kwenye tyubu na kufunika ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza kinatosha eneo lenye upana wa viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake, kwa sababu wagonjwa wengi hupaka kidogo mno wasipone, au kingi mno wakadhurika.

Utekelezaji wa maombi haya unaweza kupimwa bila gharama. Rejesta ya wagonjwa wa nje iwe na safu ya magonjwa ya ngozi iliyotenganishwa kwa aina, na kila robo mwaka Baraza lisomewe idadi ya waliotibiwa upele pamoja na watu wote wa nyumba zao, idadi ya madoa yaliyopimwa hisia, idadi ya watu wenye ualbino waliopata losheni, na idadi ya wauzaji waliokaguliwa mnadani. Endapo ndani ya mwaka mmoja takwimu hizo zitasomwa mara nne na kuhojiwa na madiwani kama zinavyohojiwa takwimu za madarasa na visima, Kinyangiri itakuwa imepata huduma ya ngozi. Na endapo hazitasomwa, mwananchi ataendelea kutibiwa na aliyetandika turubai. Uamuzi huo uko ndani ya mamlaka ya Baraza hili, na kikao cha bajeti kijacho ndicho mahali pake.

Barua hii inawasilishwa kwa heshima, katika ujenzi wa Taifa.